Nilivyopelekwa na kinga ya mukwe wangu kwa njia za kimya mpaka mbele ya Wamaza

Hapana, sikumushika kiuno. Hata mugongo wake sikuugusa. Nilikaa kwenye kinga nikiangalia kule tulikotoka, yeye akiangalia kule tunakoenda.

Haya, nimejibu kabla hamujauliza, juu midomo yenu naijua.

Hodi humu, wakuu. Munaitana wakuu, wakuu, na wengine bado munanyonya. Mukuu ni mie, meno nimebakiza ya kuchekea tu. Shule sikuiona hata mulango. Mie nasema, binti yangu anaandika, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu. Yote ni ya kweli. Pale nitaongeza chumvi mutaisikia wenyewe kwenye ulimi.

Na kinga ni baiskeli, nyinyi watu wa pwani. Musianze.

Sasa. Binti yangu Mwavita aliolewa kule juu, ukipita Wamaza, upande wa Kabambare, mahali milima inakaa imepandana. Mie niko Kasongo, kwa watu na soko.

Masika hii akatuma sauti kwenye simu ya jirani. Sauti ndogo, kama anaongea chini ya blanketi: "Mama, njoo unichukue. Hanipigi. Hanywi. Chakula iko. Lakini haongei, mama. Nakaa na ukuta."

Mie nikacheka. "Ukuta? Wenzako wako na mabwana redio, hawazimike mpaka asubuhi, wanalilia ukuta kama huo!"

Lakini mama hakatai kuitwa. Kwetu binti akiita hivyo, mama anaenda, anakaa chini, anasikia pande mbili. Kisha anarudi peke yake, ao anarudi naye. Hakuna njia ya tatu.

Moyoni nilishapanga kurudi peke yangu. Nimuambie tu: mwanangu, mwanaume kimya ni raha, kaa.

Barabara kubwa ilikuwa imekufa. Mvua ilikula daraja ya miti, lori ikalala ndani ya matope na dereva wake juu yake. Nikauliza mwenye pikipiki, ule anavaaga miwani ya jua hata kwenye mvua. Akanijibu midomo ameisukuma mbele: "Mama, barabara iko mort, imekufa. Mort, mort, mort. Inapita kinga tu."

Na kinga ya kwenda kule ilikuwa moja tu. Ya mukwe wangu mwenyewe. Alishuka Kasongo na bidon za mafuta ya mawese, sasa anarudi na chumvi na sabuni.

Akasikia natafuta njia. Hakuuliza naenda kufanya nini kwake. Akatuma mutu: "Kinga iko."

Basi.

Jina lake sitalitaja, na si siri. Ni bukwe. Kwetu mwanaume na mama wa bibi yake hawagusani, hawaangaliani usoni, hawali sahani moja. Neno likiwa la lazima, linapita kwa mutu wa katikati. Sasa mie nipande nyuma yake, tumbo kwa mugongo? Jirani yangu alishika kichwa, akaanza kuimba barazani: "Eee! Mama mukwe kwenye porbagaji! Leo jua litazama saa sita ya muchana!"

Ndiyo nikageuka.

Nikafunga kipande cha godoro kwenye porbagaji, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, nikakaa nikiangalia nyuma. Mukono mumoja kwa mwavuli, mwingine kwa chuma. Mugongo wangu, kisha gunia ya chumvi, kisha mugongo wake. Sheria haikuvunjika. Ilipindishwa kidogo, kama mutu anapindisha kikwembe kiunoni apite kwenye maji.

Na yeye, kwa haya ya watu, hakupita katikati ya vijiji. Akachukua njia za nyuma, nyembamba, zile wasukuma kinga peke yao wanazijua. Wakuu, mie nimezeekea inchi hii na sikuwa nimeiona.

Ukienda na mugongo mbele, kitu hakikuji kwako. Kinakutoka.

Kijiji unakisikia kwanza, kinu, du, du, du. Kisha moshi kwenye pua. Kisha nyumba inachungulia pembeni ya bega lako, imekwisha kupita, inakuwa ndogo. Mama mumoja alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe. Tuliangaliana mpaka akawa kama tone la rangi, na bado hakushusha mukono wake wa kuaga.

Majani marefu yanafungana nyuma ya tairi kama hakukupita mutu. Vipepeo vya kwenye matope vinaruka, vinatetemeka, vinakaa tena pale pale. Na milima ilikuwa inaniaga, mumoja, mumoja. Wa nyuma unageuka buluu, kisha moshi, kisha hujui tena ni mulima ao ni wingu linalojifanya mulima.

Sauti ni ya cheni tu. Kirii, kirii.

Nikasema, labda nimeshakufa. Labda ndivyo wanakubebaga, polepole, na mwavuli wako.

Kwenye kilima cha kwanza kinga ikasimama. Mukwe akakohoa. Nikasikia sauti iko chini kabisa, kama mutu ameingiza kichwa ndani ya chungu:

"Kinga, mwambie mama ashuke. Tunapanda."

Mutu wa katikati hatukuwa naye, akaifanya kinga ndiyo mutu!

Mie nami nikajibu: "Kinga, mwambie bwana wako mama anashuka. Magoti yake ndiyo yangali kwenye mukutano."

Kinga ikacheka. Nasema kinga, juu uso sikuangalia.

Tukasukuma wote wawili mpaka juu, yeye kwa usukani, mie kwa gunia. Na kutoka pale, wakuu, mudomo wake ukafunguka.

"Kinga, mwambie mama akamate chuma sana, tunashuka." Breki haina. Anakanyaga tairi na sapatu, mpira unanuka kuungua, na mie naanguka kinyumenyume ndani ya dunia, kilima kinapanda mbele ya macho yangu kama kinavutwa na kamba. Nilipiga kelele. Kisha nikacheka kama mutoto anayetekenywa.

"Kinga, unakumbuka hapa? Tulianguka na bidon zote, kilima kikawa chekundu, siafu wakafanya karamu."

"Kinga, mwambie mama ule muti, ndege weupe wanarudiaga pale. Muti unawavaa kama nguo."

"Kinga, mwambie mama asiogope ile sauti. Ni maji, iko mbali, inajisifu tu."

Aliongea, wakuu! Aliongea pole, anakaa kidogo, anaongea tena. Kila kona iko na habari yake. Nilikuwa nakaa pale nikiona kila kitu kimekwisha kupita, na sauti yake inaniletea kile kinakuja. Hakuna mutu aliwahi kunibeba hivyo. Hata marehemu bwana yangu.

Tukafika mutoni. Akabeba kinga begani, akaivusha, akarudi na fimbo. Akanyoosha upande mumoja akiangalia majani, mie nikashika upande mwingine nikiangalia maji. Hatukugusana. Tukavuka hivyo hivyo.

Wamaza tukalala kwa watu wa ukoo, mie nyumba hii, yeye nyumba ile. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa kwenye mabonde kama maziwa ndani ya bakuli, na mie mutu muzima nikaanza kuomba Mungu njia isiishe.

Hukumu nilikuwa nimeshaikata moyoni. Huyu si ukuta. Huyu ni mutu mwenye utamu, binti yangu ndiye hajui kuuonja. Nitamwambia akae, na safari hii nitasema nikiwa na ushahidi.

Tukafika. Mwavita aliona bwana wake, kisha mwavuli, kisha mie nikatokea nyuma ya chumvi kama muzigo wa bure. Mukwe akaegemeza kinga. Akapita mbele ya bibi yake, akachukua maji, akaenda kuoga.

Sikuweka ile maanani. Nilikuwa na haraka ya kupika maneno yangu.

Nikamukalisha binti. Nikamuchezea safari yote. Jirani na jua lake, mort mort mort, cheni, sauti ya ndani ya chungu. "Kinga, mwambie mama." Mwavita alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, rudilia ile ya siafu."

Nikarudilia.

"Na ile ya ndege weupe?"

Nikarudilia, polepole, vile vile alivyoisema yeye.

Akashika ncha ya kikwembe chake. Mie nikaona nimeshinda! Nikapiga mikono: "Unaona sasa? Ulisema ukuta. Mwanaume huyu anaongea mpaka njia inakuwa fupi!"

Wakuu, nyinyi mulio na mabwana kimya, na nyinyi mabwana kimya wenyewe munaojificha humu, andikeni chini, nitasomewa. Mie nimejifunza kitu kidogo tu: habari nzuri, kabla ya kuitoa mudomoni, uulize kwanza ni nzuri kwa nani. Na zile njia za nyuma, ukipata mutu wa kukupitisha, pita. Nazitamani mpaka leo.

Hapa anayeniandikia ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, Mwavita, sasa uko kwangu Kasongo. Andika vile ulisema, usinyooshe.

Siku ile alipanguza macho na kikwembe. Akaiangalia ile kinga, pale kwenye ukuta. Akasema:

"Kumbe mudomo yuko nao. Ni mimi tu alikuwa ananinyima."