Kozi Tatu Zilizopungua

Mpaka ugonjwa ulipomlaza, Nicodemus, fundi wa mawe, hakuacha mazoea yake ya kusalimia ukuta kabla ya watu. Akiingia nyumba yoyote pande za Nyatike, iwe ya mchungaji au ya muuza omena, mkono wake ulitangulia kupapasa plasta karibu na mlango, ukitafuta ule mstari wa rangi ya chai ambao mafuriko huacha. Akiupata, alisimama wima kando yake, akaangalia umefika wapi mwilini mwake. "Hapa ni goti," alisema. Au, "Hapa ni mfuko wa suruali." Ndipo akaketi na kuuliza habari za watoto.

Watu walimcheka. Linet alimcheka pia, na ndiye aliyemwita kazini.

Linet alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na mumewe Willis, aliyefanya kazi Nairobi, walitaka nyumba ya mawe katika boma la marehemu baba mkwe, si mbali na mto Kuja. Kwa desturi ya Wajaluo, nyumba ya mwana hukaa upande wa lango na ya mama hukaa mahali pa juu zaidi, na lango la boma lile lilikuwa chini, likitazama mto. Ofisi ya ujenzi ilikubali ramani yao kwa sharti moja: sakafu iwe futi mbili juu ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa. Nicodemus alipapasa ukuta wa mama mkwe, Rispa, akapata alama. Akavuta mpira wake wa maji wa kupimia usawa kutoka pale mpaka langoni, akachuchumaa, akafunga jicho moja.

"Kozi sita, safu sita za mawe, kutoka ardhini," alisema. "Hata moja isipungue."

Kozi ya sita ilipokamilika alikuja Mzee Jacktone, ndugu wa marehemu. Alizunguka msingi ule mara mbili.

"Nyar Ndhiwa," alimwita Linet kwa jina la kwao, "hii ni nyumba ama ni mnara wa simu? Sasa mtoto atakaa juu huko akimwangalia mamake utosini?"

Vibarua walicheka mpaka wakaweka karai chini. Linet alicheka nao, lakini masikio yalimchoma. Tangu aolewe alikuwa akiambiwa kwamba kusoma kumempa kiburi. Sasa kiburi chenyewe kilikuwa kimejengwa kwa mawe, kila mpita njia akione.

Jacktone alipoondoka, Nicodemus alimfuata Linet hadi kwenye rundo la mchanga.

"Mwalimu, mzee hajakosea. Lakini dawa iko. Tuinue ya mama kwanza. Ile ni ya udongo, tunamjengea ingine juu ya kifusi. Mama akishakuwa juu, nani atalalamika?"

Ilikuwa Oktoba. Willis alikuwa anakuja Disemba na wenzake wa kazini kuiona nyumba.

"Hakuna wakati," alisema Linet. "Toa, ziwe tatu. Na fundi, hii ikae kati yetu."

"Na karatasi ya ofisi?"

"Karatasi haitalala hapa. Mimi ndio nitalala hapa."

Nicodemus alichukua mtaimbo akaanza kung'oa kozi ya juu.

Aprili iliyofuata, mchana, Kuja ulivunja kingo zake. Linet alikuwa shuleni. Rispa alipoona kuta zake za udongo zinayeyuka alikimbilia nyumba mpya, kwa kuwa ilikuwa ya mawe na mwanawe ndiye aliyeijenga. Walimkuta jioni amesimama juu ya meza, ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, maji yakiwa karibu na ubao wa meza. Alikuwa amesimama hivyo kwa muda wa saa tano. Tangu siku ile hakuvuka hata dimbwi la kuku bila kushikwa mkono.

Baraza lilifanyika shuleni, walikokuwa wamehifadhiwa waliokosa makao. Ofisi ilimtuma Roseline, msichana mwembamba mwenye buti za mpira na ramani iliyokunjwa. Alikuwa amepima kila nyumba ya mawe.

"Hii ya lango," alisema, "ramani inasema kozi sita. Mimi nahesabu tatu. Kwa sita, maji yangepita chini ya kizingiti na mama angekaa kwa kiti chake. Hizo zingine tatu zilienda wapi?"

"Muulize fundi!" mtu alipaza sauti. "Amekula mawe!"

"Ndio maana tumbo lake ni gumu!"

Nicodemus alikuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga. Miaka ishirini alikuwa amekaa pale juu ya ardhi ya kuazimwa, na aina hiyo ya mtu huitwa jadak. Jadak hana kitu kingine ila jina lake. Alisimama. Alimtazama Linet mara moja tu, kwa upole, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Linet alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nilipima vibaya," alisema Nicodemus.

Roseline akaandika.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita hata kujenga choo. Mwenye ardhi akakumbuka kwamba anaihitaji. Mwezi wa Juni Nicodemus alikunja mpira wake wa maji akarudi Rusinga.

Agosti, katika mkutano wa kujenga upya, Linet alisimama. Alisema yote, hata lile shauri la fundi la kuinua nyumba ya mama kwanza. Alitarajia matusi. Jacktone alikohoa tu akatazama nje. Rispa ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini.

"Nyathina, mwanangu, mbona hukuniuliza? Ningehama siku hiyo hiyo."

Linet alisafiri mpaka Rusinga. Alimkuta Nicodemus kitandani katika nyumba ya dada yake, amekonda, kiganja kimelala kwenye ukuta. Ukuta ule haukuwa na mstari wowote. Alipiga magoti akamwambia kwamba amesema ukweli mbele ya watu wote.

"Yule msichana wa ofisi alikuwepo?"

"Hapana, fundi."

"Basi kwa kitabu bado ni mimi."

Linet hakuwa amelifikiria hilo. Kosa lake alilisema kwa mdomo. La Nicodemus lilikuwa limeandikwa. Aliahidi kwenda ofisini Migori, kesho, kwa miguu yake mwenyewe. Akaanza kuomba msamaha tena, lakini mgonjwa alitikisa kichwa kana kwamba anampotezea muda.

"Waambie waandike nilipima sawa, mwalimu," alisema. "Kozi sita."