Mwandiko wa Pili katika Kitabu cha Mawingu

Kuna watu wanaolipwa kwa kulima, wengine kwa kufundisha, halafu kuna Syauswa, aliyelipwa kwa kuangalia juu. Tena alilipwa pale tu serikali ilipokumbuka kwamba yupo! Miaka ishirini na saba, kwenye kibanda cha hali ya hewa kileleni, upande wa Kirumba, alitoka nje mara tatu kwa siku, akainua uso, akaigawa mbingu mafungu manane kama mtu anayekata mkate, akaandika mafungu mangapi yana mawingu. Asubuhi, mchana, na saa tatu usiku. Watu wa soko walimwita Papa Mawingu na kumuuliza kilo moja ni bei gani. Hakukasirika. Alikuwa na neno lake moja, na mkewe Kavuo alilijua kama Baba Yetu: siku isiyoandikwa haikukucha.

Kavuo naye alijua kuhesabu mawingu. Syauswa akishikwa na malaria, yeye ndiye aliyetoka na blanketi mabegani, akaangalia, akaandika. Pembeni, pale pa kuandika ukungu au moshi, aliongeza na habari za kuku wake. Syauswa alimgombeza, lakini alikuwa anacheka.

Mwaka huu akaja ingénieur Monique, mama mhandisi wa Kinshasa, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa anatafuta mahali pa kujenga darubini ya nyota, kubwa kupita nyumba ya mapadri. Aliwaeleza wanakijiji kwamba chombo kama hicho kinataka mlima mrefu, giza, na zaidi ya yote kiangazi kisicho na mawingu. Milima tisa ilikwisha kukataliwa. Ilibaki miwili, na mmoja ni huu. Mathe, kaka mkubwa wa Kavuo, ambaye ukoo wake ndio wenye ardhi ya kilele, alikuwa amekubali. Kijiji kizima kilikwisha kuiona kichwani barabara na umeme vitakavyokuja na darubini. Kilichobaki ni vitabu vya mawingu vya miaka kumi. Kiangazi chenye pengo la zaidi ya wiki moja kinaangusha mlima.

Syauswa alisema vitabu vyote vipo. Lakini alijua pengo liko wapi.

Ni mwishoni mwa kiangazi kile, zikibaki wiki tatu mvua zianze, vita vilipopanda barabara ya kusini. Lori la mwisho la viazi lilikuwa limewashwa, watu wamejazana juu ya magunia, na Syauswa alikwisha kupanda. Akamuuliza Kavuo kama kitabu kimefungiwa kwenye sanduku. Kavuo akasema hajui. Syauswa akamwambia akimbie akafunge, na Kavuo akapandisha mlima mbio, gunzi la mahindi bado mkononi. Risasi zikasikika karibu, dereva akaondoka. Syauswa angeweza kuruka chini. Jamani, lori lilikuwa linatambaa, hata mzee angeruka! Alishika kamba, akabaki juu.

Mjini Butembo, lori lilikowashusha, siku ya pili, mtu mmoja aliyekimbia alisema nyumba ya Papa Mawingu iliungua usiku wa kwanza. Siku ya tatu Mathe akaja na pikipiki yake, tanki limejaa, anataka kwenda kumtafuta dada yake. Hapo ndipo Syauswa alipotamka neno jingine, la uongo. Alimwambia shemeji yake kwamba asiende, kwamba Kavuo amekufa, kwamba yeye ameiona maiti kwa macho yake. Hakuwa ameona kitu. Aliogopa tu kwamba Mathe angemwambia apande nyuma. Mathe akaegemeza pikipiki ukutani, akalia. Wakafanya matanga bila mwili, na tangu hapo misa ya Kavuo inasomwa kila mwaka tarehe ya usiku ule wa moto. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema, kwa shujaa huenda kilio. Kwa Syauswa kicheko hakikufika.

Miezi miwili baadaye alirudi kileleni. Nyumba ilikuwa majivu, kibanda kimesimama, sanduku limefungwa kwa ufunguo. Hakulifungua. Alinunua kitabu kipya, na sanduku akalipeleka kwenye chumba alichopanga kijijini, akalisukuma chini ya kitanda. Kila alipolala juu yake alisikia lori likibadilisha gia.

Basi sasa pengo lilitaka kujazwa. Syauswa, mtu asiyewahi kudanganya hata wingu moja, alinunua kalamu ya bluu, akafunga mlango mchana kweupe, akavuta sanduku. Alikwisha kupanga moyoni: mawili hapa, matatu pale, kiangazi ni kiangazi. Akafungua ukurasa.

Ulikuwa umejaa.

Herufi zilikuwa nene, zimelala upande, za Kavuo. Kesho yake baada ya lori: asubuhi, mchana, usiku. Siku iliyofuata, vilevile. Syauswa alihesabu kwa kidole, siku kumi na tisa, hakuna iliyorukwa. Pembeni kulikuwa na maneno madogo. *Lori hapana. Nyumba imeungua, niko mu kibanda. Moshi upande wa Kirumba. Kuku moja ingali. Lori hapana.* Siku ya tisa ilikuwa na mstari alioweza kuusoma mara moja tu, kisha akaufunika kwa kiganja. Siku ya kumi na tisa asubuhi imeandikwa, mchana imeandikwa, ya usiku nafasi tupu. Baada ya hapo karatasi nyeupe, na hadi leo hakuna ajuaye kilichotokea.

Alikuwa hai. Siku ya tatu, pikipiki ikiwa mlangoni, alikuwa hai na anahesabu mawingu. Tangu siku ile kila saa tatu usiku miguu ilimtoa Syauswa nje yenyewe, akasimama uani akiangalia udongo, kwa kuwa alijua fika kuna mtu kando yake anayeangalia juu.

Siku ya kukabidhi, Monique aliketi mbele ya kibanda na vitabu kwenye magoti, Mathe amesimama nyuma yake kama mwenye ardhi. Alifungua, akalinganisha, akafungua tena. Akasema kiangazi kile ni kizuri kupita vyote, na hakina pengo.

"Mais hapa maandiko inabadilika," alisema. "Nani aliandika hizi siku kumi na tisa?"

Syauswa alikuwa amekuja na jibu tayari: msaidizi mmoja, Phinées, aliyehamia Uganda. Jina tu lilihitajika, na mlima umepita. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika kileleni. Alimwangalia Mathe, mtu aliyemwita shemeji hata baada ya msiba, na jina la Phinées akaliacha.

"Ni Kavuo," alisema.

Mathe alitabasamu, kama anayemsahihisha mtoto. Kisha akachukua kitabu. Mwandiko ule aliujua, ni yeye aliyemfundisha dada yake kuandika. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Siku ya tatu nilikuwaka na pikipiki, na mafuta ya kwenda na kurudia. Uliniambia nini?"

"Nilikuambia nilimuona na macho yangu."

"Ulimuonaka?"

"Hapana, shemeji. Niliogopaka."

Monique aliweka kalamu chini. Mathe hakumpiga, wala hakupaza sauti. Kidole kiliendelea kushuka hadi siku ya tisa. Kisha akamrudishia Syauswa kitabu.

"Soma wewe. Na sauti."

Syauswa akasoma.

"Mawingu hata moja. Nimesikia pikipiki, nimeshuka mbio mupaka ku barabara. Haikuwa Mathe. Kesho atakuja."