Sura ya Mama Yangu Iko kwenye Chupa ya Bia ya Denmark

Mwanangu wa miaka minne, nimwite Ezra, ameingia jikoni sasa hivi amekumbatia chupa niliyokuwa nimeificha nyuma ya pampasi za mdogo wake. "Mommy, it's Bibi!" Anarukaruka, kidole kiko kwenye picha ya chupa. Nimemnyang'anya mpaka amelia. Bibi yake yuko bafuni anaoga, na mimi chupa nimeisukuma chini kabisa ya ndoo ya taka nikamwagia maganda ya viazi juu. Admin, jina langu lisitoke kwako, nakuomba sana.

Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili. Sisi ni Warundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma na shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mnivumilie maandishi. Sasa naishi Amerika, mjini Louisville, mtaa wa Highview. Mama anaishi Buffalo na dada yangu, alikuja kunisaidia nilipojifungua, sasa ni miezi minane bado yuko kwangu. Mdogo wangu, nimwite Elia, yeye aliondoka kambini na familia ya baba mdogo, faili lao likaenda Denmark.

Mama anajua Elia anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Si kweli. Elia anapika bia. Na mama yangu ni mlokole ambaye hata chai ikilala hainywi, anasema imechacha.

Elia na wenzake wako wanne, na kiwanda chenyewe hawana. Wanakodi matanki ya wenzao siku ambazo hayana kazi, wanapika kidogo, zikiisha zimeisha, wanahamia kwingine. Anasema Denmark zamani kila meza ilikuwa na bia ya aina moja, sasa vijana wameichoka, wanatia kila kitu: mkate mweusi, maua ya porini, mpaka majani ya baharini. Wateja wanainusa kwanza kama mama anavyonusa maziwa ya mtoto, ndipo wanakunywa. Siku moja akamwambia bosi, yule mkubwa wa hao wanne, kwamba kwetu bia inapikwa kwa mtama. Bosi akawa hamwachi apumue, anataka kujua inavyopikwa.

Elia akanipigia. "Dada, mimi nakumbuka kuokota kuni tu. Muulize mama alikuwa anapikaje."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Mimi akinisikia tu atajua. Wewe una ulimi laini."

Baba alipofariki, mama alitulea kwa kuuza pombe ya mtama pale kambini. Alipookoka alitoa mitungi yake nje akaipasua mbele ya kanisa zima, na tangu siku hiyo hata kuitaja pombe hiyo hataki. Mimi nikamdanganya. Nilimwambia mwalimu wangu wa Kiingereza ametaka tuandike kazi waliyofanya mama zetu. Alikuwa anamkanda mtoto. Akaendelea kumkanda, kisha akasema, "Andika basi. Unaloweka mtama, unaufunika na majani ya mgomba mpaka uote." Ndugu zangu, sauti yake ilibadilika! Alikuwa kama msichana, mikono inakoroga hewani. "Usiamini macho, amini pua. Ikinukia mkate ulioungua kidogo, toa moto." Mara akashtuka, akamfunika mtoto. "Usimwonyeshe mtu wa kanisa, mwanangu. Mungu alishanisamehe, nisirudishwe huko." Nikasema sawa mama. Na simu ilikuwa inarekodi chini ya kitenge.

Nilipomtumia Elia sauti hiyo, akaomba na picha. Aliniambia wazi kwamba ni ya kubandika kwenye chupa, siwezi kumsingizia. Nikatuma ile ya kambini, mama amefunga kilemba chekundu. Nilijiambia, Denmark nani atamjua? Sikujua kwamba bia yao inauzwa mpaka Amerika. Sisi tulihojiwa miaka na miaka ndipo tukapanda ndege, bia imekuja bila kuhojiwa na mtu.

Wiki iliyopita binamu yangu wa Columbus, anayefanya kazi kwenye ghala la vinywaji, akanipigia akicheka mpaka anakohoa. "Mama Ezra, mama mkubwa amerudi sokoni? Nimembeba leo makatoni mazima!" Akanitumia chupa moja na mtu aliyekuwa anakuja huku. Nyuma wameandika kwamba mwanamke huyu alilea watoto wake kwa bia hii. Na ni kweli. Nikaifungua nikaonja kidogo kwenye kifuniko, mimi niliyebatizwa. Nililia. Ni ile ile, harufu ya nyumba yetu. Hilo ndilo linanichoma zaidi, kwamba ilikuwa tamu.

Elia nikamgombeza, akasema, "Dada, hiyo ni heshima. Huku wanaume wazima wanavua kofia wakisikia habari zake." Labda kweli. Lakini kesho asubuhi tunaenda Columbus, makanisa yetu yote yanakutana, na mama anawekewa mikono kuwa kiongozi wa kina mama. Atasimama atoe ushuhuda wa mitungi aliyoipasua. Binamu anasema vijana wa kwaya ya pale wameshaonyeshana picha ya chupa kwenye simu zao. Atasimama mbele ya watu wanaojua, na yeye peke yake hajui.

Nikimwambia leo, atakataa kwenda, na miaka yote hii ameingojea siku hiyo. Nikinyamaza, ataambiwa pale na mtu anayecheka. Bado nina tumaini, mama ananipenda, huenda hata akacheka siku moja. Ninyi mliowahi kumkosea mzazi hivi, nishaurini, nimwambie usiku huu au nifanye nini? Msinitukane tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Ametoka bafuni, ananiita. "Mama Ezra! Njoo na watoto, tuiombee safari ya kesho. Leo uanze wewe." Ndugu zangu, naanzaje, na mdomo huu ndio uliomdanganya mama, ukaionja na bia yake?