Mti Unaoitwa Sinzi

Aibu niliipata, tena hadharani, mbele ya wazazi wa shule nzima kule Nyakitonto, na wala sikatai. Ninachokataa ni hii habari inayozungushwa kuanzia Kasulu hadi Kibondo kwamba nilikimbia, maana sikukimbia, nilisimama palepale na suti yangu.

Mnanijua. Mtoto wa Titye, niliondoka na begi la kuazima, nikarudi na diploma ya misitu, na kitalu changu cha miche pale Kibondo nimekianzisha kwa mikono hii (na bomba la maji nimevuta mwenyewe, waulizeni majirani). Sasa mwalimu mkuu wa shule ile, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku, alitaka miti ya asili kuzunguka uwanja wote, akaniambia nilete mche mmoja wa mfano siku ya kikao cha wazazi, uwe na kibao chenye jina lake la Kiha, na wazazi wakiridhika kazi yote ni yangu. Mche mzuri nilikuwa nao, mbegu niliitoa mtoni, ila jina silijui.

"Si umpigie mama yako, Baba Zuhura?" akasema mke wangu.

Mimi? Na diploma? Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye kanzidata ya mtandaoni ya miti ya tropiki, yaani matawi yamekaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi na kupigwa picha, kila karatasi na lebo yake pembeni, nikaandika "Kasulu", nikapekua karatasi baada ya karatasi hadi macho yakauma, na mara huyo hapo, mti wangu, jani kwa jani! Na kwenye lebo, kwa mwandiko wa mgeni fulani wa zamani, jina la kienyeji: Sinzi.

Ningeishia hapo. Lakini majani ya mti ule hujikunja jioni, basi nikajiongeza kwamba bila shaka jina limetokana na kusinzia, nikamwagiza fundi aandike kibao kwa rangi nyeupe: SINZI, MTI WA USINGIZI.

Siku ikafika, nikasimama. "Ndugu wazazi, mti huu wazee wetu waliuita Sinzi, na mgeni mmoja wa zamani akaliandika jina hilo." Kicheko kikaanzia kwa akina mama kule nyuma, nikadhani wamefurahi, nikapandisha sauti: "Nasema Sinzi! Hata sisi nyumbani tulikuwa tunasema Sinzi!" Watu wakashikana mabega, mzee mmoja akavua kofia akajifunika uso.

Bibi mmoja akainuka akifuta machozi. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, na mengine yote akayasema kwa Kiha, kwamba huyo mgeni aliuliza jina, akajibiwa "sijui", akaandika!

Ndipo likaniingia. Sinzi! Kwa Kiha ni "sijui", neno nililolisema utoto wangu wote (hasa kwenye hesabu). Lakini Kiha nimekisikia na kukisema tu, sijawahi kukisoma popote, na lile neno, kwa kuvalishwa herufi kubwa, lilinipita kama ndugu aliyevaa miwani.

"Huyo naye asinzie!" akapiga kelele mtu. Nikauona uwanja mzima wa miti unaniponyoka. Nikakaza shingo, nikauliza kwa Kiha hichohicho: haya, kama siyo hivyo, unaitwaje?

Wakatazamana. Nikamgeukia bibi, nikamwambia kwa heshima aniambie yeye. Akauzunguka mche, akashika jani, akalinusa.

"Sinzi," akasema.

Na yule mzee wa kofia?

"Sinzi."

Mwalimu mkuu, ambaye Kiha hajui hata salamu, akapiga makofi. "Sasa wazazi, mnacheka nini wakati mnakubaliana naye? Ni Sinzi!" Akatangaza kazi nimepata mimi. (Baadaye nilimweleza, akacheka mpaka akakaa chini, lakini neno lake hakulirudisha. Na mama nilimpigia jioni ileile. Mnajua alivyojibu.)

Sasa sokoni Kibondo naitwa Bwana Sinzi, na ninaitika. Kibao sijakitoa na sikitoi. Nilichoapa ni kimoja: neno la Kiha nikilikuta limeandikwa, kwanza nalitamka kwa sauti, mlango umefungwa.

Mkija kitaluni, ulizeni njia kwa yeyote. Akiwajibu "sinzi", muulizeni tena. Huenda hajui, huenda amewatajia jina langu.