Gari Ambalo Hakulipanda

Nilikuwa hapa Columbus nakaanga vitunguu simu ilipolia kutoka Buffalo, na aliyepiga hakunisalimu. "Kaka, amekwenda," alisema, nami sikuuliza nani. Rafiki yangu wa siku nyingi, mwana wa milima ya Kivu Kusini, mwimba besi wa kwaya, mtu aliyepiga pasi hata shati la kuvaa chini ya ovaroli, alianguka alfajiri kwenye kituo cha basi mtaani Riverside, kopo la chakula mkononi, akielekea kiwanda cha nyama. Moyo umesimama, daktari kasema. Sawa, daktari na aandike moyo. Mimi, wasomaji wangu, naandika chumba cha barafu, na nitawaeleza kwa nini. Vitunguu viliungua siku hiyo, maana hasira ilinifika kabla ya machozi.

Tulifahamiana Louisville, katika ghala moja la Okolona, sote wawili tukipanga maboksi. Kila asubuhi gari la wakala lilizunguka Newburg, mtaa tulikoishi, kutukusanya. Wakala ndiye anayekitafutia kiwanda watu, na huyu alikuwa mwenzetu, wa lugha yetu, anayejua kupiga magoti kanisani kumshinda mchungaji. Siku moja badala ya kutupeleka kazini alikata kona akatufikisha kwenye ukumbi: kuna mheshimiwa anagombea, kuna wali na nyama ya mbuzi, kuna mpiga picha. Tulishuka mbio, njaa haina aibu. Rafiki yangu alibaki kwenye kiti chake. Wakala akaja dirishani: "Mzee, shuka basi, unatuaibisha." Akajibiwa, "Bon, miye nilitoka kwangu kuenda kazi. Sikutoka kuenda kupigwa picha." Tulimtania sana kwa hilo, tukimwita Mheshimiwa, naye akacheka pamoja nasi. Lakini tangu siku hiyo hakupanda tena gari la wakala yeyote.

Alipohamia Buffalo kuwafuata ndugu zake alikuta gari jingine, wakala mwingine, tabia ile ile. Wanaopanda gari hupewa kazi ya kufunga paketi, kwenye joto. Uchaguzi ukifika, gari hilo hilo huwabeba waliokwisha kuapa uraia wakampigie kura mtu wa wakala, na mtu huyo akishinda, hakuna anayekuja kukiuliza kiwanda kinawafanyia nini watu. Rafiki yangu alipanda basi la mji, akapiga kura yake mwenyewe, akapelekwa chumba cha barafu, nyama inakogandishwa. Kifua kilipoanza kumbana aliomba wambadilishie. Mnajua alijibiwa nini? "Panda gari, mzee, halafu tutaongea."

Kiangazi kilichopita nilimtembelea, akanipeleka kuona maghala marefu ya nafaka yaliyobaki kando ya maji. Tulifuatana na jirani yake, mzee mmoja wa ukoo wa Kiayalandi. Mzee akatuambia kuwa babu wa babu yake alikuwa akipakua nafaka melini hapo kwa koleo, enzi zile viwanda na reli vikiota kila mahali na wageni wakimiminika kutoka Ulaya. Bosi aliyegawa kazi ndiye huyo huyo mwenye baa. Ujira ulilipwa baani, na usipokunywa kwake, kesho huitwi. Siku ya kura bosi aliwapanga watu wake wakamchague mwanasiasa wake, na mwanasiasa akamlinda bosi. Nilimfasiria rafiki yangu pale Kiingereza kilipomzidi, naye akapiga kofi moja kubwa. "Donc njo ile ile!" akasema, yaani kumbe ni mambo yale yale. "Zamani ilikuwa baa, leo iko gari. Na bale batu, walifanya nini?" Mzee akasema ilifika siku wakagoma, kanisa likasimama upande wao, na bosi akashindwa. "Wote waligoma?" akauliza rafiki yangu. "Wote."

Tunafundishwa kwamba karne ile ya kumi na tisa ilipokuwa ikiishia, Marekani ilijengwa kwa chuma, makaa ya mawe na akili za matajiri. Upuuzi! Ilijengwa kwa migongo ya wageni, kisha migongo hiyo hiyo ikafanywa ngazi ya watu kupandia madarakani. Sasa zamu ni yetu, na kinachonichemsha damu ni kwamba aliyeshika usukani ni mtu wetu. Anatuita ndugu. Anajua nani hajui Kiingereza, nani ana watoto wengi, nani ataogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nasi nguo hiyo tunaifua na kuipiga pasi. Viongozi wa jumuiya wanajua. Wachungaji wanajua, lakini wamefunga midomo kwa sababu gari hilo hilo huwaletea waumini Jumapili. Haya, na wanune.

Siku ya mazishi gari la wakala wa Buffalo lilikuja mpaka nyumba ya kilio, bango la mheshimiwa wake limebandikwa ubavuni, eti limejitolea kutupeleka makaburini. Watu kadhaa walikuwa wamekwisha kupanda. Wakala, suti nyeusi, akamfungulia mjane mlango wa mbele: "Mama, karibu, usichoke." Shemeji yangu yule sijawahi kumsikia akiinua sauti, na hata siku hiyo hakuiinua. Akatazama bango, akatazama kiti. "Baba ya batoto alikufa akingoja bus," akasema. "Na miye nitangoja bus." Akavuka barabara hadi kituo kile kile, tukamfuata. Wengine wakateremka garini wakaja. Mama mmoja alibaki ndani, paji la uso kwenye kioo, analia kwa kwikwi. Kesho yake alikuwa na zamu, na chumba cha barafu kilikuwa hakijapata mtu wa kushika nafasi ya marehemu. Mtu asimlaumu.

Basi lilichelewa. Tulipofika makaburini, wakala na mheshimiwa walikuwa wamesimama kando ya jeneza, na mpiga picha anafungasha vifaa vyake. Walimpata, jamani! Walimpiga picha siku asiyoweza kukataa.

Tangu nirudi Columbus watu wananiambia marehemu alikuwa shujaa. Alikuwa, ndiyo, na tulimsifia ushujaa wake huku tumekaa garini. Alikataa peke yake, na anayekataa peke yake huwekwa barafuni. Wale wapakuaji wa nafaka hawakumzidi moyo, walimzidi wingi. Yule mama wa dirishani hawezi kushuka peke yake, na tusimwombe ashuke peke yake. Jumatatu alfajiri gari litapiga honi Riverside, litapiga honi Newburg, na sote tunajua sauti yake. Tubaki kituoni sote. Chumba kile cha barafu ni kidogo, hakitutoshi.