Siku Bi Appelt Alipomuua Jannik

Bi Heidrun Appelt analipwa mshahara ili atuharibie siku. Hapa Darmstadt, katika kituo chetu cha kuongozea vyombo vya angani, kazi yake ni kututungia balaa za mazoezi: leo antena imezimika, kesho betri imeisha nguvu. Sisi tukihangaika, yeye yuko chumba cha pili, anatutazama kwenye skrini huku anakula keki ya plamu aliyooka mwenyewe. Tena ni mpole, na ndicho kinachoudhi.

Nilitaka sana kujua balaa hizo anazitoa wapi. Nikaanza kumchunguza, nikagundua hazitoi vitabuni. Anaziokota kwenye maongezi yetu.

Kila asubuhi sisi waongozaji tunasimama pamoja na waandika programu, kila mtu anasema anafanya nini na nini kinamkwamisha. Kila wiki mbili wanatuletea toleo jipya la programu ya kutumia amri angani, tunalitumia, tunalalamika, wanarekebisha. Maneno mengi, maandishi machache. Bi Appelt husimama nyuma na kikombe chake, akisikiliza.

Jannik Rehm, fundi mkuu wa programu hiyo, kila siku alisema hakuna kinachomkwamisha. Na wote tulijua mama yake amelazwa hospitali mjini Kassel, hali yake inazidi kuwa mbaya.

"Si uende, bwana?" Silke, kiongozi wetu wa zamu, alimwambia.

"Nikienda, mkikwama nani atawakwamua? Chombo chetu kipya kikisharuka nitaenda."

Na alisema kweli.

Wiki hiyo, katikati ya zoezi, Bi Appelt aliingia chumbani kwetu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamgusa Jannik begani.

"Pole, mwanangu. Umekufa."

"Nimefanyaje?"

"Umekufa. Toka, kanywe kahawa. Simu niachie mimi."

Tulicheka. Kicheko kikakatika pale amri zilipokwama kwenye kompyuta, haziendi kwenye chombo cha kuigiza wala hazifutiki. Wote tukageukia kiti cha Jannik.

"Jamani, mwiteni!" nikasema.

"Maiti haiitwi," Bi Appelt akajibu kwenye spika. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

"Mchawi huyu," Silke akanong'ona.

"Nimekusikia."

Silke akayafungua maandishi ya programu yenyewe, akaanza kuyasoma kwa sauti kama mtoto anayejifunza herufi. Mimi niliuliza maswali ya kijinga. Marit, aliyekuwa akiandika programu pamoja na Jannik, alijibu aliyoyajua na mengine akabahatisha. Tulikosea, tukagombana, tukakosea tena. Muda wa kuzungumza na chombo ulikuwa unayoyoma ndipo amri zikaanza kwenda, moja baada ya nyingine. Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Jannik alikuwa amesimama mlangoni. Alifurahi, na aliumia. Vyote vilikuwa usoni pake.

"Mmewezaje bila mimi?"

"Vibaya," Bi Appelt akamjibu, akija nyuma yake. "Lakini wameweza."

Jannik akaanza kwenda kitini kwake.

"Unakwenda wapi? Aliyekufa harudi mpaka zoezi liishe."

"Linaisha lini?"

"Nitakwambia ukishafika Kassel." Akampa simu yake.

Jioni alitupigia. Alikuwa amemkuta mama yake bado anaongea.