Upinde wa Kudura

Kudura binti Kasmiri alikuwa na ulimi mkali, na biashara yake ilimtaka awe nao. Aliuza oili chafu, ile nyeusi inayokamuliwa tumboni mwa lori ikishachoka. Kwao Musoma baba yake alikuwa fundi cherehani, Mmanyema mwenye msimamo, na binti aliolewa Bunda na dereva wa malori ya pamba. Mume aliugua, akafa, akamwachia nyumba ya udongo pale Nyasura, mapipa mawili, na urafiki wa madereva wenzake. Ndugu walimtaka arudi Musoma. Kudura alilia siku zake za kulia zikaisha, kisha akawaambia madereva wasimwage tena oili kandokando ya barabara, wamletee yeye.

Wakati ule wa Mwingereza, mwenye plau alikuwa mtu. Lakini plau ukiiweka kibandani baada ya palizi, kutu inaila, na msimu ukirudi unakokota chuma chenye magamba huku ng'ombe wakikutazama. Kudura aliwaonyesha wakulima namna ya kuipaka oili chafu kuanzia ulimi wa plau hadi ekseli ya gurudumu. Ikitoka kibandani, inang'aa. Basi wakaja kutoka Kabasa, wakaja kutoka Kibara, na mmoja alikuwa akitoka Butiama amefunga plau nzima nyuma ya baiskeli ili Mama Oili aipake kwa mkono wake mwenyewe. Jina hilo la Mama Oili alilipenda, asikudanganye mtu.

Sasa, Nyasura walikuwa na desturi yao. Mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna kulima kabla plau hazijapelekwa chemchemini kuoshwa. Wanasema plau haigusi udongo kabla ya kugusa maji. Zamani zilioshwa vumbi na kutu, na chemchemi haikujali. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba sasa kinachooshwa si vumbi. Hata Kudura hakufikiri, na yeye ndiye aliyekuwa na akili ya kufikiri.

Mwaka wa 1953 plau zilizoletwa zilikuwa nyingi kupita miaka yote. Zilipomaliza kuoshwa, dimbwi la chemchemi lilitandwa na rangi: bluu, zambarau, dhahabu, zinacheza juu ya maji. Mzee Mihayo, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote na msimamizi wa desturi ile, aliinua fimbo yake. Akasema upinde wa mvua umeshuka kisimani, mwaka huu ni wa neema. Wanawake wakapiga vigelegele.

Kudura alikuwapo na ndoo yake. Rangi zile alizijua. Kila mvua ikinyesha alizikanyaga mlangoni kwake, chini ya mapipa. Lakini alifunga mdomo, akateka maji yake, akaenda zake.

Siku ya pili ng'ombe wa Mihayo walifika chemchemini, wakanusa, wakapiga chafya, wakageuka. Walipigwa fimbo, hawakunywa. Chai ya kila nyumba ilikuwa na harufu ya lori. Maji mengine yalikuwa ziwani, na kundi la ng'ombe kwenda na kurudi ni siku nzima, wakati wa kulima ndio huo. Bila chemchemi ile Nyasura ilikuwa haina msimu.

Watu walitafuta wa kulaumiwa, wakampata Gati. Gati alikuwa ameolewa juzi tu, mgeni, hana wa kumtetea, na kuna aliyesema alimwona akifua nguo pale. Siku ya nne wanawake walimpokonya ndoo, wakamwambia chemchemi imekasirika kwa ajili yake, asikanyage tena.

Hapo Kudura aliona aibu ambayo hajapata kuiona, hata alipozikwa mumewe na yeye hana sanda ya kutosha. Aliingia katikati yao, akachukua ile ndoo, akamrudishia Gati mkononi.

"Mwacheni binti wa watu," alisema. "Huo upinde niliwauzia mimi. Kwa chupa."

Aliwaeleza yote. Kelele zikaanza, maana kila mmoja alikumbuka plau yake mwenyewe na hakutaka kuikumbuka. Mzee Mihayo aliwanyamazisha.

"Mama Oili, tulikuwaga tunakuamini," alisema. "Sasa tufanye nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayo ni maji, mzee. Mimi nilimwaga oili."

Alijibu kwa ubishi tu, hana hata chembe ya mpango. Watu walimcheka, na walikuwa na haki.

Alijaribu sabuni, chemchemi ikatoa povu kama mdomo wa ng'ombe mgonjwa. Alijaribu kuchota kwa kata, kila kata ikatoka na maji mengi na oili kiduchu, na zile rangi zikajikusanya upya nyuma yake. Alirudi nyumbani amechoka, magoti yanauma, akaanza kufuta faneli yake ya kumiminia oili kwa fifi kama alivyofanya kila siku.

Fifi ni ile pamba ya daraja la pili, yenye madoa, iliyoliwa na wadudu au kunyeshewa mvua ikiwa shambani. Mnunuzi anaitupa pembeni kwa dharau, na mkulima anaificha asionwe na jirani. Mtu mvivu pale Bunda anaitwa fifi. Kudura aliitumia kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Bonge moja lilimponyoka, likaangukia kwenye beseni la maji ambamo alikuwa ameosha mikono yake yenye oili.

Lilielea. Kudura alilitazama likigeuka jeusi taratibu, na maji pembeni yake yakibaki meupe. Alilikamua. Ilitoka oili tupu. Alitia jingine, na jingine, mpaka beseni likawa maji ya kunywa, kisha akakaa chini kwenye udongo akacheka peke yake kama mwehu.

Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiomba fifi. Ilikuwa kama kuomba watu wakuonyeshe nguo zao za ndani. Huyu anasema hana, yule anasema yake yote ilikuwa daraja la kwanza, waongo wakubwa. Wa kwanza kutoa alikuwa Gati, alikuja na gunia zima kichwani, akalitua mbele ya kadamnasi. Baada ya hapo nani angeona haya? Magunia yalitoka uvunguni, yakatoka darini. Ya Mzee Mihayo yalikuwa sita.

Walichukua nyavu kuukuu za wavuvi wa Kibara, wakazijaza fifi, wakazishona kuwa kamba moja nene, ndefu kuvuka dimbwi. Kudura alishika ncha moja, Mihayo akashika ya pili, na wengine nyuma yao, wakaikokota kutoka ukingo hadi ukingo. Siku ya kwanza fifi ilitoka nyeusi tii. Ya pili ilitoka kijivu. Nyeusi yote ilipelekwa kwenye tanuru la matofali, ikachoma matofali. Udongo wa ukingoni ulioshika oili ulichimbwa, ukafuata njia hiyo hiyo. Siku ya tatu, jioni, fifi iliingia nyeupe ikatoka nyeupe.

Wakamleta ng'ombe mzee wa Mihayo, kwa kuwa ng'ombe hana adabu ya kukuridhisha. Alinusa. Akanusa tena. Kisha akatumbukiza mdomo, akanywa mpaka tumbo likavimba. Kudura, mwenye ulimi wake wote ule, alilia machozi ya furaha mbele za watu, na hakuyafuta.

Tangu siku hiyo, kila chupa iliyotoka kwake ilifungwa bonge la fifi shingoni. Plau inafutwa nyumbani hadi fifi itoke safi, na fifi hiyo inarudishwa kwa Kudura iende tanuruni. Hurudishi, hupati chupa nyingine. Mapipa yake aliyawekea sakafu ya saruji. Mnunuzi wa pamba alipotaka kuzipata zile fifi kwa bei ya kutupa, aliambiwa kwamba haziuzwi.

Mvua ya mwaka uliofuata ilinyesha, plau zikaletwa, zikaoshwa. Dimbwi halikuwa na rangi yoyote, nyuso za watu tu na mawingu. Mzee Mihayo aliinua fimbo yake, akainama, akatazama maji kwa muda mrefu.

"Mama Oili," alisema, watu wote wakisikia, "upinde wetu wa mwaka huu uko wapi?"

"Nimewanyima, mzee."

Watu walicheka, na Gati akawa wa kwanza kuteka maji.